Imepanda

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, na lilitosha. Kila mara Mpandishaji alipomaliza kazi aliandika kwenye grupu la kazini, "Imepanda," na watu wote ofisini, kuanzia Mkuu mpaka mlinzi wa getini, wakajua kwamba toleo jipya la tovuti limefika kwenye seva na wateja wanaweza kuendelea. Hakuandika habari za asubuhi wala hakutuma picha za maua. Imepanda, basi. Wenzake wakamwita Dada Imepanda, na jina likamkaa.

Tovuti hiyo haikuwa ya kuuza viatu. Ilikuwa ya kukagua kadi za bima. Mgonjwa akifika hospitali, dada wa mapokezi anaingiza namba ya kadi kwenye kompyuta, na tovuti inajibu kwa kijani HAI, au kwa nyekundu SI HAI. Vijana wa programu ndio waliochagua maneno hayo. Walikuwa wanafikiria kadi, hawakumfikiria aliyeishika. Vijana hao waliandika marekebisho kila siku, na Mpandishaji ndiye aliyeyachukua kwa mkono, faili baada ya faili, akayapeleka kwenye seva. Anaweka toleo la zamani pembeni, anapandisha jipya, anaiwasha tovuti, halafu anaijaribu. Sasa, kuijaribu kunataka namba ya kadi, na namba pekee aliyokuwa nayo kichwani, ambayo angeweza kuiandika huku amefumba macho, ilikuwa ya mume wake.

Basi kila siku ya kazi, kabla ya kuandika neno lake, aliandika namba ya mumewe na kungoja. HAI. Hapo ndipo aliposhusha pumzi. Ikija kinyume, anarudisha toleo la zamani na kwenda kuwatafuta vijana. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Ni mazoea, na mazoea yana taabu.

Mume alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mpaka figo zilipomgomea. Mara tatu kwa wiki alipelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na aliyelipa ni kadi, na kadi ilitokana na ajira ya mke. Bila kadi, kusafishwa kwa wiki moja tu kungeumeza mshahara wa Mpandishaji na kumbakizia njaa. Madaktari walikuwa wamemuunganisha mishipa kwenye mkono wa kushoto, mahali pa kuchomea sindano, na ukiweka sikio pale unasikia mvumo. "Jenereta yangu hiyo," alipenda kusema. "Umeme ukikatika njooni mchaji simu." Mama yake, aliyeishi nao, hakuupenda mzaha huo. Lakini kila asubuhi alipoamkiwa alimwekea kiganja mkononi, kimyakimya, kuhakikisha kama bado inanguruma.

* * *

"Hivi, dada yetu, utabeba matofali kichwani mpaka lini?" Mkuu alimwuliza siku aliyomwita, huku kiti chake kikizunguka kulia na kushoto. "Wenzetu wameshaachana na mambo haya. Kijana anamaliza kuandika, anabonyeza, mtambo unachukua wenyewe, unapeleka kwenye seva, unajaribu, unatoa taarifa. Hakuna mkono wa mtu. Nataka na sisi tufike huko, na anayeijua njia yote ni wewe."

"Na mimi nitabaki na kazi gani, Mkuu?"

"Wewe?" Mkuu akacheka kama vile ameulizwa na mtoto. "Wewe tutakupandisha. Mtambo wowote unahitaji msimamizi."

Jioni akaleta habari hiyo nyumbani. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mboga, akaziacha.

"Wanakupandisha? Siku zote mpandishaji ni wewe, leo na wewe unapandishwa. Mungu hamtupi mja wake."

Mume alikuwa na kikombe chake mkononi. Daktari alikuwa amempimia maji ya siku nzima katika kikombe kimoja cha plastiki, naye aliyagandisha kwa jirani mwenye friji ili ayamung'unye taratibu yasiishe mapema. Akakitikisa, barafu ikalia.

"Hebu nielewe mimi mbumbumbu. Unautengeneza mtambo ufanye kazi yako."

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote."

"Halafu wewe unakaa unautazama unavyofanya." Akaweka kipande cha barafu shavuni. "Mimi nimechomelea mageti mpaka macho yameisha. Sijaona tajiri anamlipa mtu kulitazama geti."

"Unataka kusema mchimba kisima huingia mwenyewe."

"Mimi sijasema. Umesema wewe."

"Mdomo wako huo," mama mtu akamkemea. "Mwenzako anapewa cheo, wewe unamwombea kisima."

"Nikikataa ataitwa mwingine na atakubali," Mpandishaji akasema. "Na huyo mwingine hana mtu wa kupeleka kusafishwa. Kwa hiyo nitautengeneza, na nitautengeneza vizuri, waone kwamba mtu kama mimi hafukuziki."

Mume alimtazama mkewe kwa huruma, na huruma ile ilimuudhi Mpandishaji kuliko mzaha. Akainuka, akaenda kuanua nguo.

* * *

Aliyepewa kumsaidia alikuwa kijana wa programu wa meza ya jirani, waliyemwita Miwani kwa sababu miwani yake ilikuwa imefungwa gundi ya karatasi pembeni na hakuwa na haraka ya kununua nyingine. Walianza na ufunguo. Seva haimfungulii asiye na ufunguo, na mpaka siku hiyo ufunguo ulikuwa kwenye kompyuta ya Mpandishaji peke yake. Ilibidi aupatie mtambo ufunguo wake wenyewe, wenye haki zilezile, wa kuingilia saa yoyote bila kubisha hodi.

"Dada, unamkabidhi mke mwenza funguo za nyumba," Miwani akamtania.

"Mke mwenza angalau angenisaidia kuosha vyombo."

Wakacheka wote wawili. Kisha Mpandishaji akaanza kuiandika kazi ya mikono yake, amri moja kwa mstari mmoja, ili mtambo uisome na kuifuata. Ndipo alipogundua jinsi ilivyo vigumu kumweleza asiyejua kitu jambo ambalo wewe unalifanya bila kuwaza. Mtambo ulikataa kwa sababu ya nafasi moja iliyozidi mwanzoni mwa mstari. Aliporekebisha, ukakataa kwa sababu folda haikuwepo, kumbe siku zote yeye alikuwa anaitengeneza kwa mkono bila hata kujitazama. Alama nyekundu juu ya alama nyekundu. Mkuu alikuwa akipita nyuma ya kiti chake na kuuliza, "Bado?" naye akajibu, "Bado kidogo, Mkuu," bila kuinua macho.

Mwisho wakafika kwenye kujaribu. Mpandishaji akaandika: mtambo ukishapandisha, uulizie kadi. Jibu likiwa HAI, mambo ni salama. Jibu likiwa kingine chochote, urudishe toleo la zamani na usimame hapohapo. Mahali pa namba ya kadi hakusita wala hakuwaza. Vidole vilijiendea vyenyewe, namba ikakaa mahali pake, akaendelea na mstari unaofuata.

"Ukimaliza useme nini?" Miwani akauliza. "Unaweza kutuma ujumbe kwenye grupu."

"Useme 'Imepanda'."

"Bila salamu?"

"Mimi huwa nasalimia?"

"Basi hakuna atakayejua kama ni wewe au ni mtambo," Miwani akasema, na akacheka tena. Safari hii Mpandishaji alichelewa kucheka.

Siku mtambo ulipokubali, alama ya kijani ikawaka na simu zote za ofisini zikalia pamoja: Imepanda. Mkuu akawasimamisha watu, wakampigia Mpandishaji makofi, zikaletwa soda. Mpandishaji hakuinywa yake pale. Aliiweka kwenye mkoba, akaipeleka kwa mama mkwe, kwa sababu mume haruhusiwi, na bibi yule akainywa taratibu mlangoni ili majirani waone kwamba mkwe wake amepanda cheo.

* * *

Waliingoja barua ya cheo. Siku alipoitwa, hakuitwa na Mkuu. Aliitwa na afisa utumishi, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini, na mezani kwake kulikuwa na karatasi za kusaini zilizokwisha kupangwa.

"Nafasi yako imeondolewa kwenye muundo wa kampuni," akasema. "Si kwa ubaya. Kazi yenyewe haipo tena."

"Mkuu alisema mtambo unahitaji msimamizi."

"Ndiyo. Miwani atakuwa anautupia jicho. Anasema hauna usumbufu, umeutengeneza vizuri sana."

Mpandishaji akazitazama karatasi. Maneno aliyokuwa ameyaandaa tangu nyumbani, ya kushukuru, yalikuwa bado mdomoni na hayakuwa na pa kwenda.

"Na kadi ya bima?"

"Kadi inafuata ajira, dada. Jioni hii zinazimwa, yako na ya mwenzio."

"Mume wangu anasafishwa damu. Wewe unajua. Wewe ndiye uliyemsajili."

"Najua. Pole sana." Afisa akamsogezea kalamu. "Na ule mwavuli wa kampuni, utauacha mapokezi."

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Mpandishaji akauacha mwavuli kama alivyoambiwa, akavuka uwanja amejifunika mkoba kichwani. Getini simu yake ikalia, na ya mlinzi nayo ikalia. Hakuna aliyekumbuka kumtoa kwenye grupu. Mlinzi akaitoa simu mfukoni, akasoma, akamtazama kwa tabasamu.

"Naona umeshapandisha ndiyo unatoka. Hongera kwa kazi, dada."

"Asante," akasema, maana angesema nini.

* * *

Nyumbani aliwaambia akiwa bado analowesha sakafu. Mama mkwe akamwuliza, "Wamekushusha?" naye akajibu, "Hawakunishusha, mama. Wamenitoa." Bibi akakaa chini. Mume akainuka kwa kujivuta ukutani, akamletea mkewe taulo, akamfunika nalo kichwa.

"Safari hii nilitamani sana niwe mwongo," akasema.

Kilichofuata ni kubisha milango. Mpandishaji alimpigia kaka wa mume, mtu mwenye nyumba na gari, naye akasema mtandao unakata, na kweli ukakatika, na haukurudi tena. Mama mkwe alikwenda ofisi ya ustawi hospitalini, akakaa kutwa nzima kwenye foleni, akaambiwa mhusika yuko semina. Mpandishaji akatuma maombi ya kazi kila mahali alipojua kuna seva. Mmoja tu ndiye aliyejibu, akauliza kama anajua kutengeneza mitambo ya kupandisha yenyewe, kwa sababu wao wanataka kupunguza watu. Mfa maji haachi kutapatapa. Alijibu kwamba anajua, na hawakumjibu tena.

Siku ya kwanza ya kusafishwa ikapita. Miguu ya mume ikavimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Ya pili ikapita pia, uso ukajaa, hakuweza tena kulala chali, akawa anakaa ameegemea mito na kuvuta hewa kwa kelele. Kikombe kile cha plastiki kikapunguzwa nusu, na kiu ikamfanya mtu mwingine. Mchana mmoja mama yake aliingia chumbani akamkuta anakinyonya kitambaa kibichi cha kunawia uso, amefumba macho, mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Bibi hakumnyang'anya. Alirudi jikoni akamkuta mkwe wake, akamshika mkono, akashindwa kusema alichokiona.

"Mwambie huyo Mkuu wako nitakuja mimi nimpigie magoti," akasema mwishowe. "Mimi sina aibu tena. Aibu ni ya wenye watoto wazima."

"Nilishampigia, mama. Hapokei."

"Aliye juu mngoje chini."

"Huyu tukimngoja, mwanao hatafika."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nyumba ile kulitaja jambo lenyewe, na baada ya kulitaja wote wawili wakasikiliza pumzi kutoka chumba cha pili.

* * *

Wakakodi gari la jirani kwa ahadi, wakampeleka hospitali bila mpango wowote, kwa kutumaini tu kwamba mtu akimwona alivyo atasahau kompyuta. Dada wa mapokezi alimfahamu. Alikuwa akimwita Jenereta siku za uzima. Alipomwona akaweka mkono mdomoni, kisha akafanya kazi yake, akaingiza namba. SI HAI.

"Jaribu tena," Mpandishaji akasema.

"Dada, nimejaribu wiki nzima, hata mlipokuwa hamjaja. Natamani ningekuwa na uwezo." Akaugeuza uso wa kompyuta waone. "Na leo hata hao wenye kadi hai wanalia. Tangu jana tovuti inaganda kila baada ya watu wawili watatu. Ona foleni hiyo. Kampuni inasema imesharekebisha, inapandisha sasa hivi, sasa hivi, na hatuoni kitu. Bila HAI daktari hanisainii. Labda mlipe taslimu."

Hawakuwa na taslimu. Mume akakalishwa kwenye benchi kati ya mkewe na mama yake, kichwa kikiinama na kuinuka. Mama mkwe alikuwa ameshika mkono ule wa kushoto kwa viganja vyote viwili.

Simu ya Mpandishaji ikalia. Alikuwa Miwani, na nyuma yake zilisikika sauti za watu wanaogombana.

"Dada, samahani sana, najua si haki kukupigia. Haipandi. Tangu uondoke haipandi, ila mpaka jana tovuti ilipoanza kuganda hakuna aliyejali. Marekebisho tunayo, hospitali zote zinatupigia, na kila tukibonyeza mtambo unapandisha, halafu unarudisha ya zamani. Kila mara."

"Unasema nini unaporudisha?"

"Unasema jaribio limefeli. Kuna namba ya kadi hapa, unasema si hai. Inaishia mbili sifuri saba."

Mbili sifuri saba. Mpandishaji aligeuka, akamtazama mume wake. Miguu ilijazana ndani ya kandambili mpaka mikanda imezama kwenye nyama. Mpaka dakika hiyo, wallahi, hakuwa amekumbuka kwamba namba ile aliiandika mle. Kampuni nzima ilikuwa imesimama kwa sababu mtu huyu alikuwa amezimwa.

Sauti ya Mkuu ikaingia kwa mbali: "Mwulize kama ametutegea. Mwulize anataka nini."

"Mkuu anauliza..."

"Nimemsikia. Mwambie sikumtegea mtu. Mle ndani niliandika kazi niliyokuwa naifanya kila siku, kama nilivyoifanya. Sikuongeza kitu."

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kubadilisha namba, kuweka kadi yoyote iliyo hai, na kazi ikaisha kabla mtu hajapiga chafya. Ya pili ilikuwa kuiwasha kadi ile. Mpandishaji alizijua zote mbili, na alijua ipi ndiyo ya mtaalamu mwaminifu. Anayetaka kumhukumu na amhukumu, ila kwanza akakae pale kwenye benchi, asikilize mtu wake anavyovuta pumzi. Alitoa njia moja.

"Hiyo kadi ya kujaribia imezimwa," akasema polepole. "Iwashe. Ikiwa hai, itapanda."

Miwani akasema, "Sawa, naifungua." Vidole vyake vikasikika. Kisha havikusikika. Kadi ikifunguliwa inaonyesha jina la mwenyewe, na chini yake jina la mfanyakazi aliyemleta. Mpandishaji akafumba macho. Alisikia Mkuu anasema, "Vipi, umeiona? Fanya haraka," akasikia kiti kinasogea, na Miwani haneni kitu. Laiti angekuwa na kitu cha kumpa kijana yule, angempa wakati ule.

"Nimeiona, Mkuu," Miwani akasema. "Ni kadi ya majaribio tu." Vidole vikarudi.

Simu ikakatwa. Mpandishaji akasimama, akaenda mpaka kwenye dirisha la mapokezi, akapita mbele ya watu wote wa foleni, na mzee mmoja akamwambia hana adabu.

"Jaribu tena, mdogo wangu. Nakuomba. Mara moja tu."

Dada wa mapokezi aliingiza namba kwa kumhurumia, si kwa kutarajia. Ikaganda kidogo, kama ilivyoganda siku nzima. Wakati huohuo simu ikatetemeka kiganjani mwa Mpandishaji: Imepanda. Na kwenye kompyuta neno likatokea, la kijani.

"HAI," dada akasoma, na akarudia kwa sauti kubwa kuelekea ndani, akiita kiti cha magurudumu. "Huyu ni hai, jamani, mchukueni, ni hai."

Mama mkwe hakuelewa lililotokea. Alichoelewa ni kwamba wamemtangaza mwanawe kuwa hai, mbele ya watu, na akaanza kulia hapohapo kwenye benchi.

* * *

Miwani alipiga tena mchana ule, kwa sauti ya chini ya mtu aliyejificha kwenye korido.

"Dada, niliona jina."

"Najua."

"Mkuu alikuwa anasoma simu yake. Hakuona."

"Na wewe?"

"Mimi nina miwani mbovu, kila mtu anajua." Halafu akasema, bila mzaha, "Nimeiandika kuwa ni kadi ya majaribio, kwa hiyo utumishi hawataiona wakipitia majina. Lakini siko peke yangu hapa. Iko siku mwingine atalifungua faili lile. Akiuliza namba ya nani, ataweka nyingine, na hii itazimwa. Na itapanda vilevile, dada. Mtambo hautajua tofauti."

"Nimekuelewa, mdogo wangu. Mungu akulinde."

"Mimi sijakupigia," Miwani akasema, akakata.

* * *

Mume aliporudi uso wake ulikuwa umerudi pia, na maneno yakamrudia. Alipewa kikombe chake kizima cha barafu, akauliza nani amemlipia. Mkewe akamwambia, "Wewe sasa ni kadi ya majaribio." Akacheka mpaka akakohoa, akasema tangu ameoa alikuwa anahisi hivyo. Mpandishaji alicheka naye. Kisha akaingia bafuni akafungua bomba ili wasimsikie.

Kwa mama mkwe ilibidi jambo lielezwe kwa ufupi, na kwa ufupi aliloshika ni hili: kila simu inaposema Imepanda, ule mtambo umemwulizia mwanawe na umeambiwa ni hai. Tangu hapo simu ikawa yake. Bibi ambaye zamani aliuchukia mlio ule mezani sasa ndiye aliyehakikisha ina chaji, akaibeba jikoni, akaiweka kwenye kigoda anapochambua mboga. Ilipochelewa kulia hakula. Ilipolia alimwita mkwe wake popote alipo.

Siku moja asubuhi, siku ya kusafishwa, ililia wakati Mpandishaji anampigia mumewe shati pasi. Wiki hiyo Mkuu alikuwa ameajiri kijana mpya wa programu, alikuwa amekaribishwa kwenye grupu kwa makofi na picha, na kijana alikuwa ameandika kwamba kazi yake ya kwanza itakuwa kusafisha mafaili ya zamani.

"Mwanangu," mama mkwe akaita kutoka jikoni, "imepanda. Yuko hai."

Mpandishaji akaacha pasi ikae kwenye kola mpaka akanusa moto, akainyanyua. Chumba cha pili mume alikuwa anaimba kwa sauti mbovu, anatafuta kandambili.

"Nimesikia, mama," akajibu. "Mwambie ajiandae, tusichelewe."